Simu inanionyesha njia, mbona bado napotea?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Hii ni wiki ya tatu tangu nifike ughaibuni kuanza shahada ya uzamili, katika jiji la watu mamilioni. Nimeshapotea mara nne. Juzi nilipanda treni ya chini ya ardhi ya rangi ileile ninayoipanda kila siku, nikaja kushtuka niko nje kabisa ya mji, simu imezima, na treni za kurudi zimebaki mbili. Ramani ya simu naifuata hatua kwa hatua, lakini nikitoka tu stesheni naanza kwenda kinyume. Je, nina kasoro? Na nikipotea tena, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, na pole kwa mahangaiko. Kasoro huna. Wapo watu wachache ambao ubongo wao haujengi ramani ya mahali hata katika mtaa waliokulia. Wanasayansi waliieleza hali hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Lakini mtu wa namna hiyo huwa amepotea maisha yake yote, si wiki tatu. Wewe unapotea kwa ugeni, na barua yako yenyewe imeshataja mahali tatizo lilipo: ukitoka stesheni, na ukipanda treni ya “rangi ileile”.

Mgeni mara chache hupotea katikati ya barabara ndefu aliyokwisha kuishika. Hupotea kwenye mishono ya safari: anapotoka chini ya ardhi kuja juu, anapobadili treni, anaposhuka basi, anapovuka lango la chuo kutafuta jengo. Bahati mbaya ni kwamba kwenye mishono hiyohiyo ndipo simu nayo huwa dhaifu kuliko mahali pengine popote. Kwa hiyo wewe na simu yako mnachanganyikiwa kwa wakati mmoja, na wewe unamfuata kipofu mwenzako.

Tuanze na kutoka stesheni, maana hapo ndipo pana mengi.

Ukiwa chini, umepanda ngazi, umepinda kulia, umepita korido, ukapanda ngazi nyingine. Mwili umeshapoteza hesabu ya pande zote nne. Simu nayo haikuwa ikipata setilaiti huko chini, kwa hiyo unapochomoza inaweza bado kuonyesha mahali ulipokuwa dakika kadhaa zilizopita, au mahali inapokisia kwa kutumia minara ya simu na waifai za jirani. Mahali pa wazi, simu ya kawaida hukosea kama mita 5 tu. Katikati ya majengo marefu mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kukufikia, na kosa linaweza kufika makumi ya mita. Hiyo inatosha kukuweka mtaa wa pili. Mshale unaoonyesha umeelekea wapi ndio mbaya zaidi, kwa sababu unategemea dira ndogo iliyomo ndani ya simu, na dira hiyo huvurugwa na vyuma: nguzo za stesheni, reli, magari, hata sumaku ya kasha la simu.

Itazame ile nukta ya buluu kwa makini. Ikizungukwa na duara pana la buluu iliyofifia, simu inakuambia waziwazi kwamba inakisia. Mwanga unaotoka kwenye nukta kama tochi ukiwa mpana, haina hakika na upande. Wengi hawajui kwamba alama hizo zina maana, wanaona ni mapambo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hujaondoka kwenye jukwaa la treni, soma ubao wa milango ya kutokea. Miji mingi huipa milango namba, herufi au jina la mtaa, na programu nyingi za safari hukutajia mlango unaokufaa. Katika stesheni kubwa hilo si jambo dogo: Shinjuku, Tokyo, ina milango zaidi ya 200, na kutokea mlango usio wako kunaweza kukugharimu robo saa ya kuzunguka. Ukishafika juu, usisimame mlangoni wala ukingoni mwa barabara; sogea ukutani, uipe simu nusu dakika ishike setilaiti. Kisha acha skrini, tafuta vibao viwili: jina la mtaa uliopo na jina la mtaa unaoukata. Jina moja la mtaa linakupa mstari, yumkini wa kilomita kadhaa. Majina mawili yanakupa nukta. Zungusha simu mpaka mitaa miwili ya kwenye ramani ilingane na ile iliyo mbele ya macho yako, ndipo uchague upande.

Vibao visipoonekana, tembea mita 50 moja kwa moja na uangalie nukta, si mshale. Nukta inayosogea inalinganisha mahali pawili, hivyo haihitaji dira. Ikisogea mbali na unakokwenda, geuka. Umepoteza chini ya dakika moja kila upande. Dira ikikaidi, ondoka karibu na vyuma, kisha izungushe simu hewani kwa umbo la namba 8 mara chache.

Jua nalo linasaidia, ila lina mtego kwa aliyezoea maeneo ya karibu na ikweta. Ulaya na karibu Amerika Kaskazini yote, jua la adhuhuri liko upande wa kusini siku zote, halikai utosini. Kusini mwa Australia liko kaskazini. Na wakati wa baridi kali usilitegemee kabisa jioni: mwezi Desemba London, jua huzama karibu na saa 10 jioni.

Sasa treni ya rangi ileile. Rangi ni jina la njia, haikuambii unakwenda upande gani. Treni mbili za rangi moja hukaa majukwaa yanayotazamana, moja inakwenda kwako na nyingine inakukimbiza nje ya mji. Upande hutajwa kwa jina la kituo cha mwisho (ndivyo ilivyo Paris) au kwa pande za dunia, na New York hutumia maneno ya kwenda juu au chini ya mji (Uptown na Downtown). Tena kuna njia zinazogawanyika. Northern line ya London ina matawi katikati ya mji na mengine kaskazini, hivyo hata ukipanda upande sahihi unaweza kuishia tawi lisilo lako. Mahali pengine kuna treni za haraka zinazoruka vituo vidogo. Unapungia kituo chako mkono kikipita dirishani.

Kabla ya kukanyaga ndani, uwe na vitu vitatu kichwani: jina la kituo cha mwisho cha upande wako, jina la kituo kinachofuata, na idadi ya vituo mpaka utakaposhuka. Cha pili ndicho mlinzi wako. Treni ikisimama mara ya kwanza na jina likawa si ulilolitarajia, shuka hapohapo. Usingoje “stesheni kubwa mbele”. Watu hubaki ndani kwa aibu au kwa matumaini kwamba treni itapinda, haipindi. Kosa la kituo kimoja hurekebishwa kwa dakika chache, kosa la vituo kumi ndilo lile lako la juzi. Na kabla ya kuvuka kwenda jukwaa la pili, hakikisha kuna njia ya kuvuka ndani. Katika stesheni nyingine lazima utoke na uingie upya, na tiketi inaweza kuhesabiwa mara mbili.

Njia za mviringo hazina kituo cha mwisho, kwa hiyo kila mji una ujanja wake. Moscow, kwenye njia ya mviringo, sauti ya mwanamume hutangaza treni zinazozunguka kwa mwendo wa mshale wa saa, ya mwanamke zile za kinyume. Kokote ulipo, uliza wenyeji kama kuna alama ya namna hiyo. Huenda ipo, ila haikuandikwa popote.

Jambo jingine kuhusu ramani ya treni: si picha ya ardhi. Harry Beck alipochora ile ya London, iliyotolewa kwa umma mwaka 1933, alinyoosha mistari na kusawazisha nafasi kati ya vituo kusudi isomeke, na miji mingi ikafuata mtindo huo. Ndiyo maana Covent Garden na Leicester Square zinaonekana kama safari wakati umbali wake ni kama mita 260 tu. Usikadirie kwa ramani hiyo unakoweza kufika kwa miguu. Tumia ramani ya mitaa, na hesabu kwamba mtu mzima hutembea kama mita 400 kwa dakika 5.

Kwenye basi kosa ni moja: upande wa barabara. Magari yakipita kushoto, basi lako litakujia kutoka kulia kwako ukiwa kituoni umeitazama barabara. Yakipita kulia, litatoka kushoto kwako. Namba ya basi ni ileile pande zote mbili, kwa hiyo soma linakoelekea kwenye paji la basi. London kila kituo katika kundi kina herufi yake juu ya nguzo. Ukiambiwa kituo R, usikubali kituo S kwa sababu tu kiko karibu.

Anwani nazo zina hila. Manhattan, mitaa mingi yenye namba hugawanywa na Fifth Avenue kuwa Mashariki na Magharibi, kwa hiyo namba moja ya nyumba iko mara mbili katika mtaa uleule, na aliyesahau E au W hutembea kilomita bure. London majina ya mitaa hurudiwarudiwa. Kinachotofautisha ni msimbo wa posta, basi andika msimbo, si jina. Paris, mitaa inayoelekea mto Seine huanza kuhesabu namba kutoka mtoni. Katika sehemu kubwa ya Japani anwani hutaja kitalu, wala si mtaa, na namba za majengo ndani ya kitalu huenda zimefuata mpangilio wa kujengwa, si wa kupangana. Baadhi ya mitaa ya Berlin hupanda namba upande mmoja mpaka mwisho kisha hurudi nazo upande wa pili, hivyo 5 inaweza kutazamana na 120. Tumia dakika kumi kujua kanuni ya mji wako, uliza tu “namba huanzia wapi, na shufwa ziko upande gani?”

Chuoni pia soma ratiba vizuri. Vyuo vingi vya mijini vina kampasi zaidi ya moja, na huenda herufi za mwanzoni mwa namba ya chumba ndizo zinazosema ni ipi. Ghorofa ya kwanza Uingereza ni ile iliyo juu ya ile ya chini. Marekani ni ileile ya chini.

Umeuliza uanzie wapi ukipotea. Simama. Hilo ni la kwanza na ndilo gumu, kwa sababu wasiwasi huongeza mwendo, na kila dakika ya kutembea ovyo inakutenga na mahali pa mwisho ulipokuwa na hakika napo. Jiulize: mara ya mwisho kujua nilipo ilikuwa wapi, na ni dakika ngapi zimepita? Zikiwa chini ya kumi, rudi ulikotoka kwa njia ileile. Hapo ni karibu kuliko pengine popote, na njia yake umeiona. Zikizidi, usitafute nyumbani. Tafuta mstari mkubwa: barabara yenye mabasi, mto, reli. Ufuate mpaka stesheni au kituo chenye ramani ukutani. Ukishakuwa kwenye mtandao wa usafiri, hujapotea tena. Umechelewa tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Ukisoma ramani ya ukutani, angalia kwanza kama juu yake ni kaskazini. Zile za barabarani London zimechorwa ili juu iwe upande unaoutazama ukiisoma, na zina duara linaloonyesha mwendo wa dakika 5 kwa miguu na jingine la dakika 15. Ni msaada mkubwa, ila humvuruga aliyezoea kaskazini kuwa juu.

Katika kuuliza watu, jinsi ya kuuliza ni muhimu kuliko unayemuuliza. Usiseme “hii ndiyo njia ya stesheni?” Wengi watakujibu ndiyo kwa adabu tu, au kwa kutoelewa matamshi yako. Sema “stesheni iko upande gani?” ili alazimike kuonyesha kwa mkono. Usiombe maelezo ya kona sita. Omba mpaka alama inayofuata, kisha uliza mwingine. Rudia ulichosikia kwa maneno yako. Anwani uionyeshe imeandikwa, tena kwa maandishi ya nchi hiyo kama hawatumii herufi zetu. Watu wa kuulizwa ni waliokaa kazini: dereva wa basi lililosimama, mhudumu wa stesheni, mwenye duka, mlinzi wa jengo. Anayekufuata kukusaidia kabla hujamwomba, mshukuru na uingie mahali penye watu. Simu onyesha skrini, usimkabidhi mtu. Teksi ichukue kwenye foleni rasmi au kwa programu, na usome namba ya gari kabla ya kufungua mlango.

Kupotea peke yake si dharura. Kufuatwa, kuumia, au kukwama nje kwenye baridi ya kugandisha ni dharura: piga 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, 999 au 112 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, 000 Australia. Hazihitaji salio. Ukishindwa kusema uliko, bonyeza na ushikilie nukta yako kwenye ramani usome latitudo na longitudo. Tarakimu nne baada ya desimali zinamwelekeza anayekutafuta ndani ya mita kama 11. Rafiki unaweza kumtumia mahali ulipo moja kwa moja kupitia WhatsApp, kwa muda wa dakika 15, saa moja au saa nane. Ikiwa ni usiku, chagua muda wa saa nane.

Simu kuzima kuna sababu zake. Skrini, setilaiti na intaneti vikifanya kazi pamoja hula betri haraka, na betri za lithiamu hupoteza nguvu kwenye baridi, hata simu iliyosema asilimia 30 ikazima ghafla. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Pawabenki ya mAh 10,000 huchaji simu ya kawaida kati ya mara moja na mara mbili, nayo inatosha. Kubwa zaidi utaichoka na kuiacha chumbani. Pakua ramani ya mji ukiwa na waifai, lakini jua kwamba ramani ya Google iliyopakuliwa haikupi njia za mabasi na treni ukiwa huna intaneti. Programu za Organic Maps na OsmAnd, zinazotumia ramani huria ya OpenStreetMap, hupanga njia za miguu bila bando. Na katika pochi, mbali na simu, weka karatasi: anwani yako na msimbo wa posta, stesheni yako na kituo cha mwisho cha kila upande, namba mbili za watu, na namba ya walinzi wa chuo. Hakuna anayeamini karatasi mpaka simu izime.

Sasa hilo la kufuata simu hatua kwa hatua. Hapa nitakuwa mkali kidogo: ndiyo inayokuchelewesha kuujua mji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watumiaji wakubwa wa GPS walikuwa na kumbukumbu dhaifu zaidi ya mahali walipotakiwa kujiongoza wenyewe. Anayeambiwa “pinda kushoto” hana haja ya kutazama. Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji, katika kitabu alichokitoa mwaka 1960 baada ya kuwahoji wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles, alieleza kwamba watu huushika mji kwa vitu vitano: njia, kingo kama mto au reli, maeneo yenye sura moja, makutano, na alama zinazoonekana. Huhitaji mji mzima. Chagua uti wa mgongo mmoja, barabara au njia ya treni inayounganisha chumba chako na chuo, na ukingo mmoja wa kukuambia umevuka mpaka. Vingine vitaning’inia hapo.

Kwa wiki mbili, panga safari kwenye ramani kabla ya kutoka, kaskazini ikiwa juu, kisha zima sauti na uiweke simu mfukoni. Itoe kwenye makutano tu. Kila unapopinda, geuka nyuma utazame sekunde mbili, kwa sababu kona unayoijua ukienda ni kona ngeni ukirudi. Shuka kituo kimoja kabla ya chako ukamalizie kwa miguu, na kesho kituo kimoja baada ya chako. Jumapili chora ramani kwa kichwa, mbaya tu. Pale utakaposhindwa kuunganisha mistari miwili ndipo pa kutembea wiki ijayo.

Mtihani ukikaribia, nenda ukakijaribu chumba siku ya wiki ileile na saa ileile, kwa sababu njia nyingi hufungwa wikendi kwa matengenezo. Na ratiba za usiku zisome mara mbili: 23:40 ni saa 5 na dakika 40 usiku, na treni ya 00:20 baada ya Jumamosi tayari ni ya Jumapili kwa kalenda, ingawa baadhi ya ratiba huiweka bado chini ya Jumamosi. Andika kwenye ile karatasi saa ya treni ya mwisho, uondoke na ile inayoitangulia.